Ukumbi Mtupu Si Ukumbi Uliokufa

Mtu wa pwani akifika Garbatulla, jambo la kwanza analolikosa ni bahari, na la pili ni ubishi wa barazani. Nilifika huko Alhamisi alasiri, nimetoka Isiolo asubuhi kwa gari lililojaa watu, magunia na majerikeni. Tukapita Kulamawe, vumbi likatuvaa hata nyusi zetu sote zikawa za rangi moja. Nchi ni nyika kavu, migunga na mawe, na juu yake mbingu pana isiyo na ukingo. Wenyeji wake wengi ni Waborana, Waislamu wenzetu, na salamu niliyopokewa nayo ni ile ile ninayopokewa nayo nikiingia Mji wa Kale, Mombasa. Nikajiona sikwenda mbali.

Walimu wawili wa hapo ndio walionialika. Waliniomba nighani mashairi baada ya sala ya isha, wakatayarisha chumba cha darasa, wakatandika mikeka. Jioni ile ukavuma upepo wa vumbi, taa ikawa yazimika na kuwaka, na waliofika walikuwa watu tisa, wawili kati yao watoto waliowasindikiza babu zao. Niliwahesabu. Nakiri, ndugu msomaji, kwamba jambo la kwanza nililolifanya ni kuhesabu vichwa, na la pili ni kutafuta udhuru: koo limekauka, safari imenichosha, na tuahirishe hadi kesho inshallah.

Wala haikuwa mara yangu ya kwanza. Miaka michache nyuma nilialikwa mtaani kwetu kwa shughuli kama hiyo, nikakuta watu saba. Nikakunja karatasi zangu, nikarudi nyumbani. Mmoja wa wale saba alikuwa mzee aliyevuka feri kutoka Likoni na mkongojo wake, kaja kusikia shairi, nami sikumsomea hata ubeti. Kosa lile ni langu peke yangu, na hadi leo halijanitoka moyoni.

Kilichonizuia kulirudia kosa lile kule Garbatulla ni habari ya mwanamke mmoja wa Marekani, ambayo nilipata kuisoma na ambayo usiku ule ilinijia kama mtu aliyebisha hodi. Nataka kuwasimulieni, maana yatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Jina lake Marta Becket. Alizaliwa New York mwaka 1924, akawa mchezaji wa dansi ile ya bale, akacheza katika majumba makubwa ya mji huo, yale ambayo msanii wa kwao akiingia huhesabu kuwa amefika. Mwaka 1967 alikuwa safarini na mumewe katika jangwa la California, upande wa Death Valley, yaani Bonde la Mauti. Jina hilo si la mchezo: huko ndiko lilikopimwa, mwezi wa Julai 1913, joto la nyuzi 56.7 za sentigredi, linalotambuliwa kuwa kali kuliko yote yaliyopata kupimwa hewani duniani. Gari lao likapata pancha. Wakaenda kuziba gurudumu mahali paitwapo Death Valley Junction, kijiji kilichojengwa na kampuni ya kuchimba boraksi kati ya mwaka 1923 na 1925, kisha kampuni ikaondoka, reli ikang'olewa, watu wakahama. Pakabaki majengo matupu na upepo.

Wakati gurudumu likizibwa, Marta akatembea akaliona jumba moja kuukuu lililokuwa ukumbi wa wafanyakazi: mahali pa sinema, pa ngoma na pa mazishi pia. Akachungulia kwa tundu la mlango wa nyuma. Ndani aliona jukwaa dogo, vumbi na mbao zilizopinda. Mwingine angeona gofu. Yeye aliona mahali pa kazi yake. Wakalikodi kwa dola 45 kwa mwezi, matengenezo juu yao. Akalipa jina la Amargosa, jina la mto wa hapo, ambalo kwa Kihispania maana yake ni chungu. Wakaziba paa, na mikebe ya kahawa wakaifanya taa za jukwaani.

Usiku wa tarehe 10 Februari 1968 pazia likafunguliwa kwa mara ya kwanza. Watazamaji walikuwa kumi na wawili. Baada ya hapo zikaja siku za kumi, za watano, na siku za viti vitupu kabisa. Mama yule akacheza. Akajitengenezea nguo, akatunga michezo, akaitimiza mbele ya viti vitupu kama angeitimiza mbele ya halaiki ya New York. Kisha akashika brashi. Muda wa miaka minne akachora kutani watazamaji wake mwenyewe: mfalme na malkia wa Kihispania wa zamani, mabwana wakubwa, watawa, wapiganaji na mafahali, hata paka. Ilipofika 1972 kuta zilikuwa zimekwisha, akageukia dari, ikamchukua miaka miwili mingine.

Hapa najua baadhi ya wasomaji wangu wamekwisha kukunja uso. Mimi nami nimesomeshwa chuoni, juzuu mapajani na bakora juu ya kichwa, na habari ya kuchora viumbe tunaijua na maneno ya wanazuoni juu yake tunayajua. Sikuja leo kutoa fatwa, wala sikuja kuwaambia watu wakacheze bale. Nimekuja na swali moja tu: mtu yule, asiyekuwa na msikilizaji wala mtazamaji, alikuwa akimfanyia nani kazi yake?

Sisi tuliohifadhishwa hadithi ya nia tungali watoto, tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hilo. Tunafundishwa kwamba amali ifanywayo ili watu waione ina ila ndani yake. Lakini tazama tufanyavyo katika elimu na sanaa zetu. Mtunzi haandiki mpaka ajue nani atachapa. Msomaji wa kasida hafungui kinywa mpaka aone vipaza sauti. Kikundi cha tarabu hakifanyi mazoezi mpaka kuwe na arusi. Tumeifanya hesabu ya vichwa kuwa kipimo cha thamani ya neno, kisha twalalamika kwamba utamaduni unakufa.

Usiku ule nilighani. Nilianza kwa sauti ya unyonge, kisha sauti ikapata njia. Mwalimu mmoja alikuwa akifasiri kwa Kiborana kila baada ya beti mbili tatu. Nilipomaliza, chai ya maziwa ikaletwa, na mzee mmoja akataka kujua, kwa kupitia kwa mwalimu, kwa nini mwanzoni nilisita. Nikamweleza ukweli, nikamsimulia na habari ya yule mama wa jangwani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba haoni ajabu yake. Akanikumbusha visima virefu vya Waborana, vile vya upande wa Ethiopia, ambavyo vijana husimama ndani yake ngazi kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo za maji huku wakiimba. Wimbo ule, alisema, hauimbwi ili watu wasikie. Unaimbwa ili mikono iende pamoja na maji yapande. Ng'ombe wakinywa, wimbo umefanya kazi yake.

Nilikaa kimya, maana mimi mtunzi wa miaka mingi sikuwa nimepata kulisema jambo hilo kwa uwazi namna ile.

Akaendelea kuzungumza habari za zamani. Mwaka ule ule wa 1967, gari la Marta Becket lilipopata pancha, Garbatulla haikuwa mahali pa mgeni kughani mashairi. Ilikuwa miaka ya vita vilivyoitwa vya shifta, vilivyoanza 1963 na kumalizika kwa mapatano ya Kenya na Somalia mjini Arusha mwezi wa Oktoba 1967. Watu wa nyika hii walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, Garbatulla kikiwa kimojawapo, wakakatazwa kuhama na mifugo yao, na wanyama wakafa kwa makundi. Waborana wa hapa huuita wakati huo Gaf Daba. Mfugaji aliyekatazwa kuhama ni kama mvuvi aliyekatazwa bahari. Lakini mambo ya wakati ule hayakupotea: yamo katika nyimbo na katika vinywa vya wazee. Hakuna aliyewajengea ukumbi wala aliyewalipa. Walikuwapo watu walioshika neno wasiliache, basi.

Nasi pwani tunao mfano wetu, tena mkubwa. Kila mmoja wetu hujivunia Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840. Je, ni wangapi wanaojua kwa nini mashairi yake tunayo? Ni kwa sababu baada ya kufa kwake alikuwapo Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyahifadhi miaka mingi baadaye, akashirikiana na yule mmisionari Taylor kuyaandika, ndipo hatimaye yakachapwa mwaka 1940. Mwalimu Sikujua hakukiona kitabu kile. Hakupigiwa makofi ukumbini. Lau angesubiri kwanza aone wangapi wanamhitaji Muyaka, leo Muyaka angekuwa jina tupu, au asingekuwa hata jina.

Mtu asije akadhani nawatetea wenye mamlaka na wenye mali, kwamba msanii aachwe na njaa yake kwa kuwa nia yatosha. La hasha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na sisi hatuwatunzi wetu. Hata yule mama hakudumu kwa subira peke yake. Mwaka 1970 waandishi wa jarida la National Geographic walimkuta akicheza bila mtazamaji, wakaandika habari zake, na jarida la Life nalo likaandika, ndipo watu wakaanza kufunga safari kwenda kumtazama. Mwaka 1981 jumba lake likaingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Bwana mmoja, Tom Willett, akawa msaidizi wake na mchekeshaji wake jukwaani hadi alipofariki mwaka 2005. Yeye mwenyewe aliendelea mpaka Februari 2012, akiwa na miaka 87, na alifariki Januari 2017. Jumba lingali limesimama.

Angalia basi mpango wa mambo. Kwanza alikaa. Aliziba paa, akafagia, akafungua pazia siku aliyoahidi kulifungua. Waandishi, wageni na serikali walikuja baadaye, wakakuta kitu cha kusaidiwa. Sisi twataka kinyume chake: msaada uje kwanza, ndipo tufagie. Ndiyo maana kumbi zetu za sinema za mijini zimegeuka maghala na maduka, vyuo vya kasida vimefungwa, na masanduku ya mashairi kwa hati ya Kiarabu yanaliwa na mchwa juu ya madari, huku wajukuu wa walioyaandika wakingoja mradi wa Wazungu.

Rai ya ukurasa huu ni nyepesi kuielewa, na ni nzito kuitenda. Kila mtaa na utafute mtu mmoja wa kukaa. Awe mmoja wa kunakili hati za mtaa huo kabla wino haujafifia. Awe mmoja wa kufungua baraza ya mashairi jioni ile ile kila wiki, kwa watu hamsini au kwa watatu, mvua au jua. Na sisi wengine tusimwache peke yake miaka mingi namna ile: aliye na gazeti amwandike, aliye na nyumba ampe chumba, asiye na kitu aende akaketi mkekani asikilize. Kuketi na kusikiliza nako ni kutunza.

Kabla hatujaagana usiku ule, yule mzee aliniuliza swali la mwisho. Alitaka kujua, huko Mombasa kwenye watu wengi na elimu nyingi, nikighani hukusanyika wangapi. Nilitamani kumtajia mamia. Nikamwambia ukweli: siku hizi hata tisa ni taabu kuwapata, na baraza iliyokuwa ikikutana karibu na kwangu imekufa, na mimi ni mmoja wa walioiua, kwani nilipoona watu wamepungua niliacha kwenda.

Nimerudi nyumbani. Nimenunua mkeka na taa ya betri. Alhamisi hii, baada ya isha, baraza yetu itakuwa wazi, na mimi nitakuwapo. Atakayependa na aje.