Kabla Hamjazima E, Kujeni Nyamira Kwanza

Tarehe 30 Septemba 2025 kampuni ya AOL huko Marekani ilizima intaneti yake ya kupiga simu, ile ya modemu iliyokuwa inalia kama jogoo amebanwa na mlango kabla ikuunganishe. Walikuwa wameiendesha zaidi ya miaka 30. Watu wa rika langu walicheka sana mtandaoni: kumbe hii kitu ilikuwa bado hai? Ilikuwa hai. Takwimu za serikali yao za 2023 zilionyesha nyumba kama 163,000 ambazo hazikuwa na intaneti nyingine ila hiyo.

Mimi sikucheka vile, kwa sababu mimi hupakia video nikiwa Nyamira.

Kwa wale waliozaliwa wakapata simu ya kugusa tayari iko mezani: intaneti ya kupiga simu ilipita kwenye waya wa simu ya nyumbani. Modemu inapiga namba ya kampuni ya intaneti kama vile wewe unapigia shangazi, na kama kuna mtu anaongea kwa hiyo simu, basi hakuna intaneti mpaka amalize. Kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde. Nimepiga hesabu. Picha moja ya MB 3, dakika saba. Video yangu ya MB 60, zaidi ya saa mbili kuipakua tu. GB moja, karibu saa 40 bila kukatika.

Sasa angalia juu ya simu yako, kando ya ile mistari ya mtandao. Ukiona 4G au 5G, endelea na maisha. Lakini ukiteremka kutoka Keroka kuingia ndani ndani, ama uende zile bonde za nyuma ya Manga, kuna mahali herufi inabadilika inakuwa E. Hiyo E ni ya EDGE, na EDGE ni 2G. Ndiyo dayalapu yetu. Hailii kama jogoo, lakini ukifungua video inazunguka mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini.

Na kuna kitu kwa hiyo E ambacho hukasirisha watu wa kwetu na hawajui kukieleza. Umenunua bando la GB moja la saa moja, kwa sababu ndilo la bei nafuu. Kwa kasi ya modemu, saa nzima ukivuta bila kupumua unapata MB 25 hivi. Tuseme E yako ina nguvu mara mbili ya modemu: MB 50. Saa ikiisha, zile MB 950 zilizobaki zimerudi kwa mwenyewe. Msee wa Kisii mjini amelipa bei ileile, na kwa hiyo saa amepakua sinema mbili. Halafu mtu anakuja kuniambia bei ya data Kenya ni sawa kwa kila mtu.

Kenya tuliwahi kuzika dayalapu ya kweli, na tuliizika vizuri. Africa Online ilianza 1994, baadaye shirika la simu la serikali likaleta Jambonet, na mpaka 2004 Telkom ndiyo ilikuwa na haki peke yake ya kupitisha mawasiliano kwenda nje. Mjomba wangu alikuwa na saiba Kisii mjini enzi hizo. Anasema ulikuwa unalipa mara mbili, kampuni ya intaneti na tena dakika za simu, na kama namba unayopiga iko mji wa mbali basi hiyo ni simu ya mbali, bei yake usiulize. Wateja walikuwa wanaandika barua pepe kwanza kwa karatasi, ndiyo wakiketi kwa kompyuta wasipoteze dakika wakifikiria.

Halafu 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa. Simu za mkononi tayari zilikuwa kila mahali. Hakuna mtu alitangaza tarehe ya kuzima modemu. Watu waliondoka wenyewe mmoja mmoja, kwa sababu kitu bora na cha bei ya chini kilikuwa kimewafuata pale walipo. Na waliokuwa na modemu walikuwa ni ofisi, shule chache, saiba na matajiri. Hakuna nyanya wa Magombo aliyeachwa gizani na modemu.

Hii E ni tofauti. Walio juu yake si matajiri.

Nataka niwe mkweli kuhusu upande wa kampuni pia, juu hawana ujinga. Kuweka 2G ikiwaka kunakula stima kwenye kila mlingoti, na inakalia masafa ya redio ambayo yangebeba 4G. Masafa ya chini kama 900 MHz yanasafiri mbali na kupenya kuta kuliko yale ya juu, na kwa milima kama yetu hayo ndiyo dhahabu. Ukiondoa 2G hapo ukaweka 4G, hata bonde la nyuma ya Manga linaweza kupata intaneti ya maana. Ndiyo maana nchi nyingi zimeanza kuzima. AT&T ya Marekani ilizima 2G 2017. Afrika Kusini sera yao inalenga kumaliza 2G na 3G ifikapo mwisho wa 2027. Kwetu siku itafika tu.

Na mimi ninaitaka hiyo siku. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ikiwa imenilemea, na sasa hii simu ndiyo inanilisha. Kuna usiku nimepanda mpaka barabarani na koti na mwavuli kupakia video ya dakika tatu, mbwa wote wa kijiji wananijua. Hakuna mtu anataka E ife kuliko mimi.

Lakini ikifa kesho, hiki ndicho kitakufa nayo.

Kwanza, simu za kawaida. Watu wengi hawajui kwamba 4G ilijengwa kubeba data. Ili sauti ipite ndani yake, simu na mtandao lazima vyote viwe na kitu kinaitwa VoLTE. Kama simu yako haina, ukipigiwa inashuka kimyakimya hadi 3G au 2G, unaongea, ukimaliza inapanda tena. Kwa hivyo hata mtu mwenye simu ya 4G ya mkono wa pili kutoka kwa maduka ya Daraja Mbili anaweza kuamka siku moja hawezi kupokea simu. Mwenye kabambe, hapo hakuna mjadala, imekuwa tochi.

Pili, zile namba za nyota. Nyanya yangu, magokoro vile tunamwita, hajawahi kununua bando maishani. Lakini yuko mtandaoni kuliko vijana wengi. Akitumiwa pesa na wajukuu, *334#. Alipoambiwa bima ya zamani ya afya imeisha aingie SHA, alisajiliwa kwa *147# akiwa ameketi nje akipukuchua mahindi, mimi nikimsomea Kiswahili cha menyu na yeye akinijibu kwa Ekegusii. Hiyo yote ilipita kwa simu ya vibonye, kwa mlingoti wa 2G, bila hata senti ya data. Serikali ilipozindua Gava Mkononi Juni 2023 ilisema huduma zaidi ya 5,000 ziko kwenye eCitizen. Sawa, lakini mkono wa magokoro una kabambe.

Ongeza boda. Pikipiki nyingi za mkopo zina kifaa cha kumfuatilia mwenye deni, na vifaa vingi vya aina hiyo huongea kwa 2G. Hapo sitalia sana, nadhani kuna vijana wa Nyansiongo watafanya sherehe.

Tumeshaona nchi hii ikizima kitu kabla watu hawajahama. Februari 2015, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, televisheni ya analogi ilizimwa. Mamlaka ya Mawasiliano ikavutana na vituo vikubwa, na kwa karibu wiki tatu Citizen, NTV na KTN hazikuwa hewani. Kwetu tuliambiwa nunua king'amuzi. King'amuzi kiligharimu elfu kadhaa, na bei ya ndizi ilikuwa ni ileile. Kuna nyumba zilikaa na televisheni kama meza ya kuwekea vitambaa. Watu walizoea, ndiyo. Lakini bila televisheni unakosa habari na mpira. Bila simu unakosa pesa yako mwenyewe, na daktari.

Kuna wanaosema, si watu wanunue tu simu mpya. Simu zilizoanza kuunganishwa kule Athi River 2023 ziliuzwa kuanzia shilingi 7,499, na hizo ndizo ziliitwa za bei nafuu. Mpe hiyo bei mama anayechuma chai ya watu kwa kilo pale Kebirigo, umwambie pia aichaji kila jioni, na nyumba haina stima. Kabambe inakaa wiki.

Wengine wananiambia faiba inakuja, Starlink imekuja. Faiba Kisii mjini iko, na ukitembea mitaa ya juu jioni unaona vijana wameegemea ukuta wa jirani wakiiba waifai. Kifurushi cha chini cha Safaricom kwa miaka kimekuwa shilingi 2,999 kwa mwezi. Starlink ilipoingia Julai 2023 ilikuja na bei ya kawaida ya 6,500 kwa mwezi, na sahani unanunua kando. Nafurahia zote mbili, zimefanya kampuni za hapa ziamke. Lakini faiba inafuata barabara ya lami na mwenye nyumba anayelipa. Haishuki bonde kutafuta boma moja lenye migomba.

Kwa hivyo msimamo wangu ni wa mpangilio tu. Mlingoti wa 4G kwenye masafa ya chini uwake kwanza bondeni, na upimwe mtu akiwa ndani ya nyumba ya mabati, si kwa ramani. Kampuni zinatangaza kwamba karibu kila Mkenya amefikiwa na 4G, na kwa karatasi huenda ni kweli, lakini karatasi haina mlima. Baada ya hapo kabambe za 2G zibadilishwe na kabambe za 4G zenye VoLTE. Ziko, zina vibonye vilevile, na magokoro hatahitaji kujifunza kitu. Na asilipie yeye. Kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao kila mwaka, na uliwekwa kisheria kwa ajili ya sehemu kama hizi. Mwisho kabisa, *334# na *147# zijaribiwe kwa hizo simu mpya mwezi mzima, kijiji kwa kijiji, kabla mtu hajagusa swichi.

Wakati huo ukifika kampuni zitasema zilitoa notisi. Notisi itakuwa kwenye tovuti, na tovuti haifunguki kwa E.

Mimi kwa sasa kila video nikimaliza natoa nakala ya pili, ndogo, ya kupita kwa WhatsApp, na sauti peke yake kwa wale hata hiyo haiwafikii. Inanikula saa moja zaidi na hainiletei pesa. Kama uko Kisii au Nyamira, simama mlangoni kwenu jioni hii, angalia herufi, uniandikie jina la kijiji na herufi uliyoona. Usiweke namba yako ya simu. Nitapanga orodha kata kwa kata, na nikifikisha vijiji 100 naipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ikiwa imechapishwa.