HAKI SAWA KAZINI: TUSIDANGANYANE NA NGAZI ZA MSHAHARA



Mwezi uliopita tulikutana Leicester kwenye arobaini ya mzee wetu mmoja. Baada ya dua na chakula maongezi yakaenda kule yanakokwenda siku zote: mishahara, viwanja, siasa za nyumbani. Kaka mmoja, msomi, namheshimu sana (simtaji, tutagombana bure), akasema: "Nyinyi akina dada mnalilia haki sawa wakati mmeshaipata. Muuguzi mwanamume na muuguzi mwanamke mshahara ni mmoja, Tanzania mmoja, huku Uingereza mmoja. Sasa mnataka nini tena, mpewe na wa kwetu?" Wanaume wakacheka. Sisi tuliokuwa jikoni tunaosha masufuria ya pilau tukacheka pia. Na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani usiku ule nikajichukia, ndiyo maana naandika.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 36, shahada yangu niliipata Muhimbili. Nimefanya kazi Tanzania miaka minne na hapa Uingereza huu ni mwaka wa nane. Sisimulii ya kusimuliwa.

Tumkubalie kaka yetu jambo moja. Ngazi za mshahara hazina jinsia. Ukiangalia TGHS za serikali yetu, hakuna safu ya wanaume na safu ya wanawake. Katiba yetu, ibara ya 23, inasema ujira ulingane na kazi bila ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha wanawake na wanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tanzania iliridhia mkataba namba 100 wa ILO mwaka 2002. Kwenye makaratasi tuko vizuri sana.

Lakini hivi jamani, nani Tanzania anaishi kwa mshahara? Mtumishi wa serikali anaishi kwa mshahara NA semina, na safari, na posho ya usimamizi wa chanjo, na mradi wa wafadhili uliokuja kwa miezi sita. Hayo hayana ngazi. Hayo yanagawiwa ofisini kwa bosi, mlango ukiwa umefungwa.

Niliripoti kazini, kwenye hospitali moja ya mkoa, siku moja na mwenzangu mwanamume tuliyesoma naye darasa moja. Shahada ile ile, ngazi ile ile, tarehe ile ile ya ajira. Mwaka wa pili nikaanza kuandika nyuma ya daftari langu nani kaenda wapi. Mwaka ule yeye alikwenda semina 11, mimi 2. Semina moja ya siku tano ilikuwa inaleta karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe. Na cheti cha kila semina kinaingia kwenye faili, na faili likishanenepa linakuwa sababu ya kupewa madaraka. Mwaka wa tatu akawa msimamizi wa chumba cha upasuaji. Alistahili? Alikuwa mchapakazi, sina ugomvi naye mpaka leo. Lakini alikuwa akinipigia simu usiku kuniuliza vitu.

Nilikwenda kuuliza kwa metroni. Tuseme ukweli, metroni ni mwanamke kama mimi. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, mwenzako ana familia ya kulisha. Wewe utaolewa." Wakati huo mimi nilikuwa nasomesha wadogo zangu wawili na mama yangu alikuwa ameshaanza kuumwa miguu. Familia yangu haikuwa familia kwa sababu kichwa chake kilikuwa kinavaa gauni.

Nikaja Uingereza nikidhani nimeyaacha. Hapa katika kila wauguzi kumi mwanamume ni mmoja hivi, na wote tunaanza Bendi 5. Nikapata mtoto, nikachukua likizo ya uzazi, nikarudi. Kijana niliyemfundisha wodi, niliyemwonesha hata dawa zinawekwa kabati gani, nikamkuta Bendi 6. Tulipokaa na meneja akaniambia tatizo langu "sijiuzi". Nenda kwenye usaili useme mimi ni kiongozi, mimi nilifanya hiki, mimi nilifanya kile. Ndugu zangu, mimi nimelelewa Morogoro na bibi aliyenifundisha kwamba mtoto wa kike anayejisifu hana adabu. Kaka yangu aliyelelewa na bibi huyo huyo akijisifu anaitwa jasiri. Haya ndiyo tunayokuja nayo kwenye chumba cha usaili, halafu matokeo yake yanaitwa uwezo. (Bendi 6 niliipata baadaye, kwenye jaribio la tatu. Nilijisifu mpaka nikaona aibu.)

Hiyo ni sehemu ndogo ya hoja. Kubwa ni hii: hata kama mimi na yule kijana tungelipwa sawasawa mpaka senti ya mwisho, bado swali lingebaki kwamba kazi yenyewe ya uuguzi bei yake ilipangwa na nani, na kwa nini ni hiyo.

Mwaka 1968 kwenye kiwanda cha Ford, Dagenham, wanawake 187 waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari waligoma. Walikuwa wamewekwa daraja la kazi za ujuzi mdogo, na hata ndani ya daraja hilo walilipwa asilimia 85 ya anacholipwa mwanamume. Bila viti gari haliuziki, kiwanda kikasimama. Waziri Barbara Castle akawaita, wakarudi kazini kwa asilimia 92, na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya malipo sawa iliyoanza kutumika 1975. Hapo ndipo watu wengi wanapofunga kitabu na kupiga makofi. Lakini wale akina mama walikuwa na dai lingine: watambuliwe kwamba kushona ni UJUZI. Hilo hawakulipata mpaka 1984, baada ya kugoma tena. Yaani waajiri walikuwa tayari kuongeza pesa kuliko kukiri kwamba kazi wanayofundishwa wasichana ni kazi ya fundi.

Kwenye afya kesi yetu aliibeba Pamela Enderby, mtaalamu wa tiba ya usemi. Alifungua madai 1986 akiuliza kwa nini fani yake, iliyojaa wanawake, inalipwa chini ya wafamasia na wanasaikolojia, fani ambazo kwenye ngazi za juu zilijaa wanaume. Mwajiri akajibu kwamba kila fani ina meza yake ya majadiliano, hakuna aliyebagua. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ikasema jibu hilo peke yake halitoshi. Safari nzima ilichukua zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2004 NHS ikaanzisha mfumo mpya ambao kila kazi inapimwa kwa pointi, vipengele 16. Siku nilipousoma nilikaa chini. Kuna ujuzi na wajibu, sawa. Lakini pia kuna nguvu za mwili, kuna mazingira ya kazi, na kuna kipengele kizima cha mzigo wa moyo! Kumweleza mama kwamba mwanawe hataamka kuna pointi. Kusafisha uchafu wa mgonjwa kuna pointi. Kwetu mambo hayo yanaitwa wito. Ukidai hela unaambiwa sista hana huruma, anapenda pesa. Mbona dereva wa mkurugenzi hajawahi kuambiwa kuendesha gari ni wito?

Sisemi hapa ni peponi. Wauguzi wa RCN waligoma Desemba 2022, na mimi nilisimama nje kwenye baridi na bango langu. Ninachosema ni kwamba hapa angalau kuna mizani, unaweza kubishana nayo. Kwetu TUGHE na TANNA wangeanza na jambo dogo tu: orodha ya semina, nani kaenda na kalipwa siku ngapi, ibandikwe ubaoni kila robo mwaka. Halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Linahitaji gundi.

Sasa nakuja kwa wale wanaosema usawa utafilisi. Mfano wao siku hizi ni Birmingham. Halmashauri ile kwa miaka iliwapa bonasi wazoa taka, wafagia barabara na wachimba makaburi, wanaume, huku wapishi wa shule, wasafishaji na wahudumu wa wazee, wanawake wa madaraja yale yale, wakikosa. Wanawake walishinda 2010 kwenye baraza la kazi, na 2012 Mahakama ya Juu ikawaruhusu hata walioacha kazi kudai mahakamani kwa miaka sita nyuma. Halmashauri imelipa zaidi ya pauni bilioni moja, na Septemba 2023 ikatangaza haiwezi kutimiza majukumu yake ya kifedha. Magazeti yakaandika kana kwamba wapishi ndio walioifilisi (ule mradi wa kompyuta uliowashinda ulitajwa kwa sauti ndogo). Lakini pesa ile ilikuwa ya akina nani kwa miaka yote hiyo? Ukikopa kwa mtu bila kumwambia, siku anayokuja kudai yeye ndiye mkosaji? Dawa ya deni kulipa.

Niliyaandika haya yote kwa hasira, nikayasoma, nikajiona mtetezi kweli kweli. Halafu tarehe moja ikafika, nikakaa na simu kutuma pesa nyumbani kama kawaida. Mlinzi wa nyumba ninayojenga Kibaha: 150,000. Binti anayemhudumia mama yangu: 80,000.

Nikaitazama ile simu.

Yule binti anamwogesha mama, anamwinua kutoka kitandani, anampa dawa za presha kwa saa, anapika, anafua, usiku analala sikio likiwa wazi. Mlinzi analinda matofali. Nimewapima wote wawili kwa vile vipengele 16, na sikufika hata nusu. Kwa nini nilikuwa namlipa hivyo? Kwa sababu ndiyo bei ya mtaani, kwa sababu "anakula na kulala pale pale", kwa sababu ni msichana na kazi yenyewe ni za nyumbani tu. Sababu zote za yule metroni, neno kwa neno, nilikuwa nazo mfukoni. Na nina hakika siko peke yangu. Wangapi kati yetu tunaolipwa kwa saa kuwahudumia wazee wa watu huku, na ukizidishiwa dakika kumi unadai, tunawalipa nini wanaowahudumia wazee wetu kule?

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba nampandishia binti hadi 150,000 alinijia juu. "Dada, utaharibu soko la mtaa mzima!" Nikamwambia na mimi nataka liharibike. Tofauti ya 70,000 kwa miezi 36 aliyokaa na mama ni 2,520,000. Sina hela hiyo kwa mkupuo, nalipa kidogo kidogo, nimeshatuma mafungu mawili. Mama anasema nimechanganyikiwa na baridi.

Juzi mlinzi kapiga simu. Habari zimemfikia. Akanisalimia vizuri, akaulizia watoto, kisha akasema, "Dada, na mimi si ananilalia usiku kucha umande wa Kibaha? Sasa tumelinganaje na binti wa ndani?" Nimemwambia aniorodheshee anachofanya kuanzia jioni hadi asubuhi, nami nitakaa nipige pointi. Orodha bado haijafika.

Naomba kuwasilisha. Yule kaka wa Leicester kama unasoma, namba yangu unayo.