Seli Inayokataa Kufa



Tumezoea kukitazama kifo kama adui wa uhai tu. Hata hivyo, kila siku ndani ya miili yetu seli nyingi mno hufa, nasi twaendelea kuishi. Naam, twaishi kwa sababu zinakufa. Wiki hii nawaalika tulitafakari jambo hili, kwani linawagusa watoto wetu hapa Bukundi.

Walioufumbua utaratibu huo walimchunguza mnyoo mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita moja na mwili unaopitisha nuru. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyemchagua. John Sulston akazifuatilia seli zake moja moja: kwa mnyoo mwenye jinsia zote mbili hutokea seli 1,090, bila kuhesabu za uzazi, na 131 kati yake hufa, daima zile zile. Robert Horvitz akaonyesha kwamba kifo hicho huamriwa na jeni. Jeni ced-3 ikiharibika, seli zilizopaswa kufa hubaki hai. Jeni nyingine, nuc-1, hutoa kimeng'enya cha kuvunjavunja DNA ya seli iliyokufa. Ikiharibika, seli hufa na kumezwa na jirani zake, lakini DNA yake hubaki kama taka isiyozolewa. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Huenda mtu akauliza: mnyoo huyo anatuhusu nini sisi wakulima wa pamba? Anatuhusu sana, kwa maana jeni zinazofanana na zake tunazo nasi. Seli ikikataa kufa huku ikizidi kugawanyika, ndipo saratani huanza. Na ipo saratani ya watoto ambayo ulimwengu uliijua kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya. Baadaye ilidhihirika kwamba ugonjwa huo huandamana na malaria iliyokithiri, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli zake. Kanda yetu ya Ziwa haikusalimika.

Chini ya hadubini uvimbe huo hufanana na anga la usiku: giza ni seli za saratani zilizosongamana, na nyota ni seli za kinga zinazomeza zilizokufa. Wafagiaji wamo kazini, lakini kuzaliana kwa seli kumekushinda kufa kwake. Uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ndugu zangu, hapa ndipo ilipo hoja yangu. Mbele ya mtoto aliyevimba taya wako wanaosema, "Ni jino tu," wengine, "Amelogwa," na wengine, neno linalonisikitisha zaidi, "Ni mapenzi ya Mungu." Kifo cha seli ni utumishi kwa mwili. Kifo cha mtoto ambaye angeweza kutibiwa si utumishi kwa yeyote, na tusikivike vazi la utakatifu. Saratani hii inakua upesi, lakini pia inaitikia dawa upesi, kwa kuwa dawa huzirudisha seli zake katika njia ile ya kufa zilizoikwepa. Watoto wengi hupona wakifikishwa mapema na kumaliza matibabu.

Kwa hiyo, uvimbe wa taya unaokua haraka, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalotokeza au tumbo linalovimba, visisubiri mavuno. Mzazi aende kituo cha afya na kuomba rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, inatibu saratani.

Najua nauli na siku nyingi za kukaa mjini ni mzigo mzito. Lakini jumuiya ndogo ndogo zetu hukusanya rambirambi kwa jioni moja tu. Kwa nini tuwe wepesi kuchangia jeneza kuliko tiketi ya basi? Napendekeza kila jumuiya itenge mfuko wa wagonjwa, na mtoto wa jirani asafiri kabla hatujaitwa msibani.

Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Sindano itamliza mtoto. Kuchelewa kutatuliza sote.

Nawatakieni wiki njema.

Paroko wenu