Kiswahili cha Fomu

Juzi baada ya alasiri, jirani yangu Mngazija, mshona kofia hapa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia barazani na fomu ya uraia. Kibali cha ukaazi wa kudumu anacho. Katiba ya 2010 yataka miaka saba mfululizo ya kukaa kihalali. Yeye ametimiza thelathini. Sheria ya 2011 yataka pia ajue Kiswahili au lugha ya kienyeji. Kiswahili! Watoto wa mtaani humwendea yeye kwa vitendawili. Lakini fomu, msomaji, ni ya Kiingereza. Hapo ndipo afanywapo mgeni mara ya pili. Na yeye afadhali ana karatasi. Wavuvi wa Kipemba, wengi wao wazaliwa wa pwani hii, walingoja mpaka 2023 kutambuliwa. Nikamjazia. Sahihi akaitia mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu.