Mtoto Asomaye Naye Aulize

Wazazi wengi hufurahi jioni wamwonapo mtoto wa darasa la pili ameketi karibu na taa, akisoma kitabu chake kwa sauti kubwa bila kukwama. Baba huweka kikombe chini, akasikiliza, akaona kwamba fedha za sare na madaftari hazikupotea bure. Walakini mtoto huyo akiisha kufunga kitabu na kuulizwa amesoma habari gani, mara nyingi huinamisha kichwa asijibu. Maneno yote yamepita kinywani mwake, wala hakuna hata moja lililokaa.

Hasara ya jambo hili huonekana nyumbani kabla ya kuonekana katika mtihani. Ziko nyumba ambamo mchana kutwa mtoto ndiye msomaji wa pekee. Bibi humpa chupa ya dawa amsomee, naye husoma vizuri kabisa: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Lakini ni kijiko kipi, cha chai au cha mezani? Kabla ya chakula au baada yake? Kipimo hicho ni cha mtu mzima au cha mtoto mchanga? Vivyo hivyo kwa dawa ya kupe, ambayo ikitiwa maji machache kupita kiasi yaweza kumdhuru ng'ombe, na yakizidi, kupe hawafi. Mtoto aliyefundishwa kutamka tu husoma na kurudisha chupa mahali pake. Aliyezoea kuuliza husita.

Kusita huko hufundishwa, tena mapema. Katika mwaka wa 1984 mabibi wawili waliofanya kazi Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walitoa habari za kazi yao kwa watoto wa darasa la saba walioweza kutamka maneno yote ya kitabu lakini hawakufahamu waliyoyasoma. Kila mtoto alipewa zamu ya kuwa mwalimu wa wenzake: aulize swali juu ya fungu lililosomwa, alieleze kwa kifupi, afafanue lililo gumu, na kubashiri litakalofuata. Mvulana mmoja, siku ya kwanza, alipewa habari za nyoka akashindwa hata kuunda swali moja. Mwalimu alilazimika kumtilia maneno mdomoni. Baada ya siku kadhaa aliuliza mwenyewe, tena vizuri. Wengi katika watoto wale waliendelea sana katika kufahamu, na kazi yenyewe ilichukua siku kama ishirini tu.

Siri ya kazi hiyo ni kwamba mwalimu alianza yeye. Haifai kumwambia mtoto, "Haya, uliza!" kisha kumkazia macho. Mtoto hajui swali la msomaji lina sura gani mpaka amsikie mkubwa akijiuliza mbele yake.

Chukua maneno mepesi kama haya: Juma alirudi kutoka kisimani na mtungi mtupu. Mama yake akacheka. Baba aweza kusimama hapo na kusema, kama ajiambiaye mwenyewe, "Aliyerudi ni nani? Alitoka wapi?" Majibu ya maswali hayo mtoto huyaonyesha kwa kidole, maana yameandikwa. Kisha baba auliza, "Mbona mtungi ni mtupu?" Hapo kidole hakifai kitu. Mtoto atasema kisima kimekauka, au Juma ameanguka njiani maji yakamwagika, au alikwenda kucheza na wenzake akasahau alilotumwa. Asikatazwe hata moja. Ila aulizwe tena, "Kama kisima kingalikauka, mama angalicheka?" Mtoto atafikiri, na jibu lake la kwanza ataliacha mwenyewe. Huko kuliacha ndiko kusoma. Baada ya siku chache baba hunyamaza, na mtoto ndiye aulizaye.

Wako wazee wasemao kwamba mtoto wa maswali mengi hana adabu. Neno hili lina ukweli wake, kwa kuwa mtoto akatizaye maneno ya wakubwa hupasa kuonywa. Lakini swali la kitabuni si kumkatiza mtu, na lililoulizwa kwa heshima halimvunjii mtu heshima. Tena wazee hao hao ndio waliowatega watoto vitendawili usiku baada ya chakula, na mtoto aliyepata jibu alisifiwa mbele ya wenzake. Desturi ile yaweza kugeuzwa kidogo tu: mtoto akiisha kusoma ukurasa, yeye ndiye ategaye, na wakubwa wajibu. Mama asiyejua kusoma huweza mchezo huu sawasawa na karani, mradi asikilize.

Ipo hatari moja. Mzazi aliyepata elimu hii mpya hupenda kumsimamisha mtoto kila mstari, hata hadithi ya sungura ikawa chungu kama kwinini. Mara mbili au tatu kwa hadithi nzima yatosha, na hadithi ikiwa tamu sana, iachwe ipite mpaka mwisho.

Shuleni kazi ni nzito zaidi, maana mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kumsikiliza kila mmoja. Hata hivyo aweza kuwaketisha wawili wawili, mmoja asome na mwenzake aulize, kisha wabadilishane. Tangu mwaka wa 2015, mpango wa Tusome ulipoanza Kenya, vitabu viligawanywa ili kila mtoto wa madarasa ya chini awe na chake, na kazi ya wawili wawili ni rahisi zaidi pale ambapo watoto hawang'ang'anii kitabu kimoja.

Lililobaki ni swali ambalo baba mwenyewe halijui, nalo halikawii kuja. Mtoto husoma habari za popo, akauliza kwa nini popo alalapo huning'inia asianguke. Baba asikasirike wala asibuni jibu. Aseme hajui, wakaliandike pamoja nyuma ya daftari, na Jumatatu asubuhi mtoto alichukue swali lake kwa mwalimu.