Shujaa na Njia ya Kurudi

Tangu mwaka 2002 wapo watazamaji wa sinema ambao hawajaacha kumlaumu Peter Jackson, mwongozaji wa New Zealand, kwa jinsi alivyomwonyesha Faramir katika filamu ya The Two Towers. Hoja yao ni moja: katika kitabu cha J.R.R. Tolkien, kilichotoka mwaka 1954, Faramir anaikataa Pete ya uovu wala moyo wake hauyumbi. Katika sinema anakusudia kuitwaa. Basi wanadai kwamba muungwana huyo amevunjiwa heshima. Kwa maoni yetu, lawama hiyo haina haki.

Hebu tuitazame hali yake. Faramir ni kapteni mpole, mwenye maneno machache. Baba yake, Denethor, anayeitawala Gondor kwa niaba ya mfalme asiyekuwapo, alimpenda Boromir, mwanawe mkubwa, na huyu mdogo akamdharau. Sasa Boromir amekufa, adui yuko mlangoni, na Faramir anamkamata Frodo, mtu mfupi aliyeibeba Pete hiyo. Ni mwanadamu gani, mwenye kiu ya radhi ya mzazi na uchungu wa nchi yake, asingeshawishika? Anawachukua mateka hadi kwenye magofu ya Osgiliath, akikusudia Pete ifike kwa baba yake.

Huko Sam, mwandani wa Frodo, anamweleza kwamba Boromir alitaka kumpora Frodo Pete ilhali alikwisha kuapa kumlinda. Kisha Faramir anaona kwa macho yake jinsi Pete inavyomtesa aliyeibeba. Hapigi kelele wala hatoi hotuba. Anapokumbushwa kwamba sheria ya nchi itamhukumu kufa akiwaachia mateka, anaikubali hukumu hiyo, na anawafungua.

Hatukatai kwamba Faramir wa kitabuni ni mtu wa kupendeza. Lakini asiyewahi kuyumba twaweza kumsifu tu; aliyeyumba kisha akasimama ndiye atufundishaye njia ya kurudi. Wahenga walisema: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Funzo hilo latuhusu sisi wa visiwani, na hasa wenye dhamana ya umma. Hakuna ofisa asiyewekewa mezani, siku moja, kitu kisicho chake, pamoja na sababu nzuri ya kukitwaa: shida ya nyumbani, kuwaridhisha wakubwa, hata maslahi ya nchi. Huenda mkono umekwisha kukigusa. Asijidanganye kwamba, kwa kuwa ameanza vibaya, hana budi kumaliza vibaya. Amana hurudishwa, na gharama yake hubebwa na aliyeichukua, si na mnyonge aliyekuwa chini yake.

Faramir aliachilia kimya kimya, naye alijua kwamba huenda akalipa kwa roho yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu.