Msuguano si adui: somo la posho mili ya Migwani

Leo nina neno na wenzangu wa kuandika programu. Kuna kauli imeota mizizi katika kazi yetu. Kila kikao cha kupanga programu mpya, lazima mtu aitoe: "Tuondoe frikisheni!" Maana yao ni kwamba mteja asibonyeze mara tatu pale anapoweza kubonyeza mara moja. Asiulizwe swali, asisubiri, asifikiri. Neno lenyewe wameliazima kutoka fizikia, frikisheni yaani msuguano, lakini naona waliliazima bila kumuuliza mwenyewe analitumiaje. Mimi nadai kwamba fundi wa posho mili pale Migwani anaujua msuguano kuliko wengi wetu tunaolipwa mshahara kwa kuuondoa.

Kwa asiyepajua, Migwani ni soko lililoko kwenye njia ya kutoka Kitui kwenda Mwingi, Ukambani. Kama masoko mengine ya huko, mahindi yanasagwa kwa mashine yenye vitu vitatu: injini (au mota ya umeme), mkanda wa mpira, na kinu chenyewe. Sasa tazama fundi anavyoihudumia. Kwenye beringi anapaka grisi, tena kwa ukarimu, kwa sababu pale chuma kinazunguka ndani ya chuma na msuguano utakula vyote viwili. Lakini hebu jaribu kuupangusa mkanda kwa kitambaa chenye mafuta uone atakavyokufokea! Mkanda hauna meno. Unalizungusha gurudumu la kinu kwa msuguano peke yake. Ukiteleza, injini itanguruma, mahindi hayatasagika, na mtasikia harufu ya mpira unaoungua hadi barabarani.

Hayo ni matumizi mawili yanayopingana, ndani ya mashine moja, hatua mbili tu kati yake. Na kuna utamu zaidi. Mfereji wa gurudumu umechongwa kama herufi V. Kadiri mkanda unavyovutwa kwa nguvu ndivyo unavyozama na kubanwa pande zote mbili, na kadiri unavyobanwa ndivyo msuguano unavyoongezeka. Yaani mzigo ukizidi, mshiko nao unazidi. Na jiwe likiingia kinuni kikakwama ghafla, mkanda huo huo unateleza na kuokoa shafti isivunjike. Huyo aliyebuni kitu hiki alikuwa anafikiri sawasawa.

Shuleni tulifundishwa msuguano kama hasara: nishati inapotea, vyuma vinalika, mafuta yanaisha. Halafu mwishoni, kama kumpoza mgonjwa, tukaambiwa kwamba hata hivyo hutuwezesha kutembea. Mwanafunzi wa Kitui hana haja ya kufundishwa hivyo. Anateremka kila siku na baiskeli ya maji.

Chukua baiskeli ya Black Mamba yenye mitungi minne ya lita 20. Hizo ni kilo 80 za maji. Ongeza mwendeshaji na baiskeli, tuseme jumla ni kilo 170. Akiteremka mlima wa mita 50 kwenda chini (mita za wima, si za njia), nishati anayopaswa kuiondoa ili afike bondeni akiwa mzima ni 170 × 9.8 × 50, yaani kama jouli 83,000. Hiyo inatosha kuchemsha karibu robo lita ya maji, kikombe kizuri cha chai! Yote lazima igeuke joto mahali fulani: kwenye raba za breki, kwenye rimu, na zikishindwa, kwenye soli ya akala inayokanyagishwa tairi la mbele. Akala, kama mnavyojua, zinakatwa kutoka matairi ya gari yaliyochakaa. Tairi likizeeka barabarani linapewa kazi ileile mguuni.

Kwa bodaboda hesabu ni kali zaidi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa, kwenye lami kavu yenye namba ya msuguano ya 0.7 hivi, inahitaji mita 20 kusimama baada ya breki kushika. Tandaza mchanga mwembamba juu ya lami hiyo, kama mvua inavyofanya kila inapofagia barabara za huko, namba ikashuka hadi nusu: sasa ni mita 40. Na kabla ya hapo, dereva akichelewa sekunde moja tu kushtuka, ameshakwenda mita 17 nyingine. Hakuna ustadi wa mkono unaoweza kuzipunguza mita hizo chini ya kile ambacho tairi na barabara vinakubali. Vijana wanaojisifu kwamba tairi kipara "linateleza vizuri" wanaongea kama sisi wa programu.

Lakini mfano unaonivutia kuliko yote ni mchanga wenyewe. Mwulize punda. Mkokoteni wa kilo 500 kwenye barabara ngumu unavutwa kwa kani kama ya kuinua kilo 10 hivi. Uingize kwenye mchanga wa mto mkavu, magurudumu yanazama, na kani hiyo inaweza kuongezeka mara kumi. Kwa punda, mchanga ni laana. Kwa maji ni kinyume chake, na hapo ndipo Kitui imewafundisha wengi. Watu hujenga ukuta wa zege kukatiza mto wa msimu. Mafuriko yakija, maji yanapunguza kasi nyuma ya ukuta, mchanga mzito unatua, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Baada ya misimu michache bwawa limejaa mchanga, na kati ya chembe zake kuna maji, takribani robo hadi theluthi ya ujazo wote. Maji hayo hayakimbii kwa sababu kila tone linakwaruzana na chembe elfu njiani. Jua nalo, ambalo huku linaweza kukausha zaidi ya mita moja ya maji ya wazi kwa mwaka, linanyonya sehemu ya juu tu. Shirika la SASOL limesaidia kujenga mamia ya mabwawa ya namna hii Kitui tangu miaka ya 1990.

Kisha yanakuja malori. Mchanga wa mito ya Ukambani unajenga maghorofa ya Nairobi. Wakishauzoa, mvua inanyesha vilevile, mto unajaa vilevile, na kesho yake umekauka. Hakuna aliyeiba hata ndoo moja ya maji, wameondoa msuguano tu. Makueni walitunga sheria ya kaunti ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na mimi nawaunga mkono kwa mikono miwili.

Haya, turudi kwenye simu zetu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 iliondoa msuguano uliostahili kuondoka: kumtumia mama hela kijijini kwa kumpa makanga wa basi bahasha na kuomba Mungu. Ile ilikuwa grisi kwenye beringi. Vivyo hivyo eCitizen, iliyoanza 2014: kumtoa mtu Migwani na nauli yake kufuata karatasi Nairobi halikuwa jambo la kutetea. Lakini M-Pesa haikuondoa kila kitu. Iliacha PIN. Baadaye ikaongeza Hakikisha, ambayo inakuonyesha jina la unayemtumia na kukupa sekunde chache za kusimamisha. Hiyo ni breki iliyowekwa makusudi.

Mikopo ndiyo inayonisumbua. M-Shwari ilikuja Novemba 2012, Fuliza Januari 2019, na katikati yake zikamiminika programu za kukopesha. Baadhi ziliufanya mkopo uwe mwepesi kuliko kununua kibiriti, kisha siku ya kudai zikawapigia simu mabosi na mashemeji wa mkopaji. Benki Kuu ya Kenya ilipotoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, ikakataza kutumia orodha ya majina ya kwenye simu ya mteja kwa kazi hiyo. Vizuri. Ila kanuni zilishughulika zaidi na kishindo cha bondeni. Ule mteremko, vidole viwili saa sita ya usiku na hela zimeingia, tuliuchonga sisi waandika programu. Na tazama tulipouweka msuguano tuliokuwa nao: kujiondoa kwenye huduma ya SMS za kulipia, kufuta akaunti, kumpata binadamu wa kulalamikia. Tumefunga breki kwenye mwinuko na kuzing'oa kwenye mteremko!

Wenzangu hunijibu kwamba mteja ni mtu mzima, aachwe aamue. Sawa. Dereva wa bodaboda naye ni mtu mzima, na bado pikipiki inatoka kiwandani na breki mbili. Ninachopendekeza ni ule mfereji wa V: mshiko uongezeke pamoja na mzigo. Mtu akikopa shilingi 200 mara moja kwa mwezi, apite bila kuulizwa. Akikopa mara ya tatu ndani ya wiki kulipa deni la mkopaji mwingine, programu imwonyeshe jumla ya anachodaiwa kwa shilingi, si kwa asilimia, imtake aandike kiasi hicho mwenyewe kwa tarakimu, na pesa zitoke asubuhi. Msimbo wake hauzidi mistari hamsini. Nimeshauandika, na yeyote anayejenga mfumo wa mikopo akiutaka nitampa bure.